Mafuta ya mimea, chembe za nano na saratani: maswali tunayoulizwa duka la dawa Mwanza

Maswali haya huja dirishani kwetu kutoka kwa ndugu wa wagonjwa wanaoteremka kilima cha hospitali ya Bugando na karatasi zao mkononi, kutoka kwa wanafunzi wa famasia, na kutoka kwa watu waliotumiwa ujumbe wa WhatsApp na shangazi. Tumeyaandika jinsi yanavyoulizwa.

Je, kuna dawa ya saratani iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea yaliyofungwa kwenye chembe za nano?

Hapa nchini hatujui hata moja iliyoidhinishwa kumtibu mgonjwa. Kilichopo zaidi ni utafiti, tena mwingi: wa seli zilizooteshwa maabara na wa panya. Tunalitanguliza jibu hili kwa sababu wapo watakaosoma hapa na kuondoka, na hao ndio tunaotaka wasiondoke na kitu kingine.

Anayetaka kujua kwa nini wanasayansi wanahangaika na jambo hili, na limekwama wapi, aendelee.

Mafuta gani hasa? Ya mwarobaini? Ya habasoda?

Hapa watu huchanganya sana. Mimea ina mafuta ya aina mbili. Kuna mafuta mazito, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu: alizeti, ufuta, mwarobaini, habasoda. Na kuna mafuta tete, yaani yale ya harufu, yanayopatikana kwa kukeneka: majani au maua yanapitishiwa mvuke, mvuke unapozwa, mafuta yanajitenga na maji. Ukitaka kuyatofautisha, weka tone moja kwenye karatasi nyeupe kisha uache. Mafuta mazito yataacha doa. Mafuta tete halisi yatapotea karibu yote, ibaki harufu.

Tunachozungumzia ni hayo tete, na zaidi viungo vilivyomo ndani yake. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na kile kiwanda cha makonyo cha Wawi kule Pemba kinakeneka hata vikonyo vya karafuu kwa sababu navyo vimejaa yujenoli. Mchaichai una sitrali. Mafuta ya ganda la chungwa karibu yote ni limonini. Habasoda imekaa katikati: mafuta yake mengi ni mazito, lakini ndani yake mna kiasi kidogo cha sehemu tete yenye thaimokwinoni, ambayo watafiti wa saratani wanaipenda sana. Kivumbasi, ambacho kila mtu wa Kanda ya Ziwa anakijua kwa kufukuza mbu, kina mafuta tete pia, lakini muundo wake hubadilika kulingana na spishi, udongo na hata saa ya kuchuma. Ndiyo maana mtafiti hatosheki kuambiwa “mafuta ya kivumbasi”. Atauliza: yamepimwa yana nini?

Yanaua seli za saratani kweli au ni maneno ya biashara?

Kweli, kwenye sahani ya maabara. Yujenoli, sitrali, thaimokwinoni na wenzao huvuruga utando wa seli, huongeza kemikali kali za oksijeni ndani yake, na husukuma seli ianze kujiua yenyewe kwa ule utaratibu ambao seli za saratani zimejifunza kuukwepa. Matokeo haya yamerudiwa katika maabara nyingi duniani, kwa seli za saratani ya matiti, mlango wa kizazi, utumbo na nyinginezo.

Lakini sahani ya maabara ni mahali parahisi mno pa kuua seli. Sabuni ya unga inaziua. Chumvi ikizidi inaziua. Unapoambiwa kitu “kimeua seli za saratani”, uliza maswali mawili: kwa kiwango gani, na seli nzima zilizokuwa jirani zilifanywa nini? Kwa mafuta tete, kiwango kinachohitajika kwenye sahani mara nyingi ni kikubwa kuliko kile ambacho damu ya mtu inaweza kukibeba bila mtu mwenyewe kudhurika.

Basi si aongeze tu matone anayokunywa?

Hapana, na hili tunaliomba kwa msisitizo. Watoto wadogo waliokunywa mafuta ya karafuu, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai tu, wamewahi kupoteza fahamu na kuharibika ini. Mafuta ya mkaratusi na kafuri yakinywewa huleta degedege. Ni vitu vikali, vilivyokolezwa: chupa ndogo inaweza kuwa imebeba kapu zima la majani.

Hata ungevumilia ukali wake, mafuta hayafiki unakotaka yafike. Hayayeyuki kwenye maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Yakiachwa wazi yanaruka hewani. Yakikutana na mwanga na oksijeni yanageuka kuwa kitu kingine, na baadhi ya vitu hivyo huwasha ngozi. Yakipita tumboni, ini linayakamata. Mtu akimeza yujenoli, karibu yote huonekana kwenye mkojo ndani ya saa 24 ikiwa imeshabadilishwa na ini iwe rahisi kutolewa. Uvimbe ulioko kwenye titi au kwenye mfupa haujapata kitu.

Hapo ndipo wazo la chembe za nano linapoingia.

Chembe nano za lipidi ni nini kwa lugha ya kawaida?

Ni vitone vya mafuta vidogo kupita kiasi, vilivyotengenezwa kwa makusudi ili vibebe dawa ndani yake. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe nyingi za kazi hii zina upana wa nanomita 50 hadi 200, wakati unywele wa binadamu unafika makumi ya maelfu ya nanomita. Huwezi kuziona hata kwa darubini ya kawaida ya zahanati. Kimiminika chenye chembe hizo huonekana cheupe kama maziwa, au chenye ukungu wa kibuluu zikiwa ndogo zaidi.

Zipo za namna kadhaa. Liposomu ni kifuko chenye maji katikati na ukuta wa fosfolipidi, aina ileile ya lipidi inayojenga ukuta wa seli zetu. Iligunduliwa Uingereza miaka ya 1960 na Alec Bangham. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaja chembe za lipidi ngumu: kitone kizima ni mafuta yaliyoganda, na yanabaki yameganda hata kwenye joto la mwili.

Hizo ngumu zilionekana ndizo jibu, kisha zikaleta shida ambayo binafsi naona ndiyo sehemu tamu ya habari hii. Mafuta safi yakipoa hujipanga kwa utaratibu, molekuli kwa molekuli, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo yanavyojipanga vizuri zaidi. Yakijipanga vizuri hayaachi nafasi. Dawa iliyokuwa ndani inasukumwa nje, na baada ya wiki kadhaa kwenye jokofu unakuta chembe ziko upande wake na dawa upande wake. Watafiti wakafanya jambo la werevu: wakachanganya mafuta magumu na ya maji, ili yakiganda yagande ovyo, yenye mapengo. Dawa ikapata pa kukaa. Hicho ndicho kizazi cha pili, na ndicho kinachowafaa zaidi watu wa mafuta tete, kwa kuwa mafuta ya karafuu au ya mchaichai yenyewe yanaweza kusimama kama hayo mafuta ya maji. Mzigo unakuwa sehemu ya gari.

Zinatengenezwaje? Inawezekana kufanya nyumbani?

Nyumbani haiwezekani, na anayekuuzia mafuta “ya nano” aliyoyakoroga kwa blenda anakuuzia mafuta yaliyokorogwa.

Njia iliyozoeleka ni hii: mafuta magumu yanayeyushwa, mara nyingi kwenye nyuzi joto 60 hadi 80, yanachanganywa na mafuta tete, kisha na maji ya moto yenye kiungo cha kuyashika yasitengane. Mchanganyiko unapitishwa kwenye mashine ya shinikizo kubwa sana, au unapigwa kwa mawimbi ya sauti, mpaka vitone viwe vidogo vinavyotakiwa. Halafu unapozwa. Utaona tatizo mara moja: mafuta tete na joto hawapatani. Sehemu ya mzigo inaruka na mvuke kabla safari haijaanza. Baadhi ya watafiti hufunika chombo, wengine huongeza mafuta tete dakika ya mwisho, wengine hutumia njia ya baridi ambayo huzaa chembe kubwa zaidi.

Baadaye ni kupima. Je, chembe zinalingana ukubwa? Zina chaji ya umeme ya kutosha kusukumana zisigandamane? Ni sehemu gani ya mafuta iliyoingia ndani kweli, na ipi inaelea nje? Utafiti usiotaja majibu ya maswali haya, mimi huuweka kando hata kichwa chake kiwe kimepambwa vipi.

Zikishaingia mwilini, zinajuaje uvimbe uko wapi?

Hazijui. Video nyingi za mtandaoni huonyesha chembe zikielekea kwenye saratani kana kwamba zimetumwa. Ukweli ni kwamba zinazunguka na damu, na matumaini yamewekwa kwenye ubovu wa uvimbe wenyewe. Uvimbe hujijengea mishipa ya damu haraka haraka, na ukuta wa mishipa hiyo huwa na matundu. Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Matsumura na Maeda, walionyesha kwamba vitu vikubwa kiasi hupenya kwenye matundu hayo na kubaki ndani ya uvimbe, kwa sababu uvimbe hauna mfumo mzuri wa kutoa uchafu.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilichukuliwa kama mlango uliokwisha funguliwa. Kisha mwaka 2016 ukatoka uchambuzi uliokusanya tafiti za miaka 10 za chembe nano za kila aina kwa wanyama. Kiwango cha kati cha dozi kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7. Ni sawa na kupakia magunia mia Mwanza kwenda Ukerewe na lisifike hata gunia zima moja. Mengine hukamatwa na ini na wengu, ambako kuna seli ambazo kazi yake ni kumeza chochote kigeni kinachopita kwenye damu.

Zipo mbinu za kupunguza hasara. Chembe huvikwa polima inayoitwa polietilini glaikoli ili seli za ulinzi zichelewe kuzitambua. Wengine hubandika juu yake molekuli zinazonasa kwenye vipokezi vilivyo vingi kwenye seli za saratani. Wengine wanaacha sindano kabisa na kulenga mahali panapofikika, kwa mfano ngozi, kinywa au mlango wa kizazi, ambapo dawa inapakwa palepale. Kwangu mimi, mafuta tete yana nafasi nzuri zaidi kwenye njia hii ya mwisho kuliko kwenye dripu.

Si ndizo zile za chanjo ya korona?

Ni ndugu. Chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2020 zilibeba mRNA, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, ndani ya chembe nano za lipidi, lakini zile zina lipidi maalumu zinazobadilika chaji ili kuachilia mRNA ndani ya seli. Mafuta tete hayahitaji ujanja huo.

Kwa watu wa ziwa kuna ndugu mwingine wa karibu zaidi. Dawa ya kwanza ya nano kuidhinishwa Marekani, Doxil ya mwaka 1995, ni doksorubisini, dawa kali ya saratani, iliyofungwa ndani ya liposomu, na iliidhinishwa kwa ajili ya sarkoma ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Kaposi ni saratani ambayo mwambao huu uliijua vizuri kuliko sehemu nyingi za dunia. Faida ya Doxil haikuwa kuua saratani mara kumi zaidi. Kubwa lilikuwa kuupunguzia moyo sumu ya doksorubisini. Likumbuke hilo ukisikia ahadi za nano.

Na kwa wale wanaouliza kama kuna chembe ya ukubwa huu inayokinga saratani na ambayo tayari ipo Mwanza: ipo, bila lipidi wala mafuta. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, imejengwa kwa chembe za protini zenye upana wa nanomita 55 hivi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 msichana wa miaka 9 hadi 14 anapewa dozi moja tu, bure.

Mnaidharau mimea. Dawa za saratani si zinatoka kwenye mimea?

Baadhi zinatoka humo, na hatuzidharau hata kidogo. Vinkristini inatokana na lile ua la waridi au jeupe linalopandwa mbele ya nyumba na makaburini, lenye asili ya Madagaska. Paklitakseli ilitokana na gome la mti wa Marekani, ikaidhinishwa mwaka 1992. Zote zinatumika kwenye wodi za saratani hapa nchini.

Tazama lakini jinsi zinavyotumika. Vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidishwi miligramu 2 kwa mara moja, kwa sababu ikizidi inaua mishipa ya fahamu. Hakuna anayechemsha ua hilo akapata kipimo hicho. Tena hizo si mafuta tete. Zina nguvu kwa viwango vidogo mno, na ndiyo maana zilifaulu pale ambapo yujenoli bado inahangaika.

Kuna binadamu yeyote aliyewahi kujaribiwa kwa viungo vya mafuta haya?

Wapo, na mifano hii ilikuwa bila nano. Limonini ya machungwa ilijaribiwa Uingereza, matokeo yakatoka mwaka 1998. Wagonjwa 32 ambao saratani zao zilikuwa zimegoma tiba nyingine walipewa vidonge kwa viwango vya kupanda. Wengi waliivumilia. Mgonjwa mmoja wa saratani ya matiti uvimbe wake ulipungua kwa miezi kadhaa. Watu wakapata moyo, wakaongeza wagonjwa 10 wa saratani ya matiti, na hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua. Pombe ya perila, kiungo kinachofanana na limonini, nayo ilijaribiwa kwa kumezwa bila mafanikio ya maana, na Brazili wamekuwa wakiijaribu kwa kuvutwa puani kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo.

Ningependa kila anayetangaza “machungwa yanatibu saratani” aisome habari ya wale 10 pamoja na ya yule mmoja.

Nimeuziwa chupa Makoroboi, imeandikwa “Nano” na “inatibu kansa hatua zote”. Nifanye nini?

Usiimeze. Tafuta namba ya usajili kwenye lebo, kisha uliza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Kama ni dawa ya asili, liulizwe Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Maneno “hatua zote” peke yake yanatosha kukuonyesha muuzaji ni mtu wa namna gani.

Mama yuko kwenye kemo na anapenda chai ya mchaichai. Nimnyime?

Kikombe cha chai kama chakula si tatizo kwa wagonjwa wengi, na harufu ya tangawizi au mchaichai huwasaidia baadhi yao na kichefuchefu. Mwambie tu daktari wake. Tofautisha chai na mafuta ya chupa. Yujenoli hupunguza uwezo wa chembe sahani kugandisha damu, na kemo huzipunguza chembe hizohizo idadi; ukijumlisha viwili hivyo mgonjwa anaweza kutoka damu kwenye fizi au mahali pabaya zaidi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo asiyaguse mafuta hayo kabisa. Ini nalo linachakata dawa za kemo na mafuta kwa vimeng'enya vinavyogombaniwa, na dozi iliyopigiwa hesabu na daktari inaweza kuvurugika. Ngozi iliyopigwa mionzi isipakwe mafuta yoyote ya harufu bila kuuliza wodini.

Wagonjwa wengi huficha wakiogopa kugombezwa. Mama, baba, mwambie tu. Daktari wa saratani wa kanda hii ameshasikia kila kitu.

Mjukuu wangu amevimba taya. Nilitaka kumkanda kwanza kwa mafuta ya kivumbasi.

Bibi, shikamoo. Mpeleke hospitali leo, na kama ni usiku basi kesho asubuhi. Taya kuvimba kwa mtoto wa ukanda huu, hasa jino likianza kulegea bila kuoza, inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu: seli zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ukali huohuo ndio unaofanya iitikie vizuri kemo ikiwahiwa, na watoto wengi hupona. Wiki mbili za kukanda ni muda mrefu mno kwa ugonjwa wa namna hii.

Hizo lipidi zina mafuta ya nguruwe?

Si lazima. Nyingi hutoka kwenye soya, mayai, au asidi za mafuta za mimea, ingawa baadhi zinaweza kutoka kwa wanyama. Mtengenezaji anapaswa kutaja chanzo.

Itachukua muda gani mpaka ifike kwetu?

Asiyekudanganya hatakutajia mwaka. Baada ya panya kuna kupima sumu kwa wanyama wengine, kisha binadamu wachache ili kuona kipimo kinachovumilika, kisha kuona kama uvimbe unapungua, kisha kulinganisha na tiba iliyopo. Dawa nyingi hufia njiani.

Kuna jambo jingine ambalo maabara za Ulaya hazilitilii maanani kama sisi. Chembe nyingi za aina hii zinataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Fikiria chupa hiyo ikipelekwa kituo cha afya kisiwani. Zinaweza kukaushwa kwa baridi pamoja na sukari kama trehalosi ziwe unga, lakini wakati wa kukausha mafuta tete huponyoka tena. Mtafiti wa CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Bugando, au wa Muhimbili akiulizwa aanzie wapi, ningempa tatizo hilo kabla ya kumwomba aue seli nyingine za sahani.

Babu yangu Sengerema ana mti anaosema unatibu uvimbe. Nani ataupima?

Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili na kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, cha Mabibo, Dar es Salaam, wamekuwa wakifanya utafiti wa dawa za asili kwa miaka mingi. NIMR ina kituo Mwanza pia, na unaweza kuanza kwa kuuliza pale. Usipeleke unga au chupa iliyochemshwa, kwa kuwa mtaalamu wa mimea hawezi kutambua mti kutokana na unga. Peleka tawi lenye majani na maua au matunda, likandamizwe kati ya magazeti na kukaushwa kivulini, na uandike kijiji, tarehe, jina la mti kwa Kisukuma au Kizinza, na sehemu babu anayoitumia. Kabla ya kuwaachia chochote, ombeni makubaliano ya maandishi yanayomtaja babu kama mwenye ujuzi huo.